Kwa Wanaoanza Kuruka kwa Mwavuli Hapa Malindi

Ninawaandikia vijana wa Malindi, Watamu na Mambrui ambao kila msimu wa kaskazi hunifuata chini ya mwarobaini nikiwa nakunja miavuli ya wageni, wakaniuliza ni vipi na wao wataingia katika mchezo huu. Mimi nilianza kwa kubeba mizigo, nikafundishwa kukunja, na baada ya miaka minne ya kukunja ndipo niliporuka mwenyewe. Sasa nimevuka miruko 300. Wengi huniuliza kuhusu woga, na huwajibu kwamba waje nao, kwa kuwa mwoga huikagua mikanda yake mara mbili. Jambo ninalotaka kuwaeleza ni lile ambalo mimi sikuelezwa mapema, kwamba hatari kubwa ya anayeanza hutoka palepale panapoufanya mchezo huu upendeke, yaani katika urafiki wa watu wake na utani wao.

Nianze na urafiki, kwa sababu ndio utakaokupokea. Watu wanaoruka pamoja huzoeana upesi mno. Daktari wa meno, fundi wa magari, mwanafunzi na mzee aliyestaafu hukaa mkeka mmoja, wakala bajia za sahani moja, na hakuna anayeulizwa cheo chake. Anaulizwa ameruka mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Swali hilo la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa mtu wa miruko 200 aliyekaa mwaka mzima bila kuruka anahitaji kuangaliwa kama mgeni, hata kama yeye mwenyewe hapendi.

Desturi utakayokutana nayo siku ya kwanza ni ya deni. Katika viwanja vya Marekani na Ulaya, kila anayefanya jambo kwa mara ya kwanza, uwe ni mruko wake wa kwanza, mwavuli mpya au siku aliyolazimika kuufungua mwavuli wa akiba, huwanunulia wenzake kreti la bia jioni, ndege ikishalala. Sisi Waislamu hapa tuliigeuza desturi hiyo bila kuivunja: deni hulipwa kwa madafu au kreti la soda, na wageni wameizoea hata wengine hukudai kwa Kiswahili kabla hujavua mikanda. Desturi ya kumpaka mtu keki ya krimu usoni anapotimiza mruko wa 100 tuliikataa, kwa kuwa kumwaga chakula mchangani ni israfu na wazee waliokuwa wakitazama hawakupendezwa; kwetu humwagiwa ndoo ya maji ya bahari, akasindikizwa kwa vigelegele.

Lipa deni lako siku hiyohiyo, na usiondoke mapema. Jioni ile ndipo watu hukaa wakasimulia walichokosea, tena bila kuficha, na mgeni anayekimbilia nyumbani baada ya mruko wa mwisho hukosa somo asiloweza kulipata darasani. Ni jioni kama hiyo niliposikia kwa mtu aliyepata kutua baharini kwamba usijifungue mikanda ukiwa bado hewani, kwa kuwa ukiyatazama maji kutoka juu huwezi kujua kama yamebaki mita tano au hamsini, na wako waliojiachia mapema wakaanguka kama jiwe. Alisema ulegeze mkanda wa kifuani tu, uelekee upepo, uvute pumzi na kuizuia, kisha ujitoe miguu ikishagusa maji. Kitambaa kikikufunika kichwani, usikipige kwa mikono. Shika mshono mmoja tu uufuate mpaka ukingoni. Hakuna aliyekuwa akimfundisha mtu jioni ile, alikuwa akicheka na madafu yake mkononi, lakini mpaka leo nikipita juu ya maji mkono wangu huutafuta mshono.

Utani wao ni mkali, na unapaswa kuutarajia. Mara ya kwanza nilipokuwa nikisubiri kupanda ndege, mwanamke mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa na miruko zaidi ya 1,000 alivitazama viatu vyangu akaniuliza, "Kaka, viatu vizuri hivyo umemwusia nani?" Nilikasirika, kwa kuwa nyumbani nilifunzwa kwamba kifo hakichezewi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akifanya kazi ileile ya mtani wetu, ambaye hata msibani huruhusiwa kusema lile ambalo ndugu haruhusiwi, ili wengine wapate kupumua. Wanaotaniana hivyo wote wamewahi kumzika mwenzao. Usiwaige haraka, lakini pia usidhani kwamba hawajali.

Utani huo una mahali pake pa kukoma, na kila kundi zuri huheshimu mahali hapo. Ndege hupanda hadi futi 13,000 hivi, yaani karibu mita 4,000. Chini, watu hucheka na kuimba. Ikikaribia kimo cha kuruka, sauti hupungua zenyewe, na kila mmoja humgeukia jirani yake. Mimi huinua kifuniko cha nyuma cha mwenzangu kwa vidole viwili, nikaitazama pini inayoufunga mfuko wa mwavuli. Ni kijipini cha chuma kilichopinda, kifupi kuliko kidole changu cha shahada, kimepita ndani ya kitanzi cha uzi mweupe. Naangalia kama kimeingia mpaka mwisho, kama kitanzi hakijachakaa kikaota manyoya, na kama utepe unaokwenda kwenye kijimwavuli kinachouvuta mwavuli mkuu nje haujanaswa na kitu. Kisha nakifunika, nampiga bega mara moja, naye ananigeuzia vivyo hivyo. Mambo hayo hayazidi sekunde kumi. Jirani yako akikuambia, "Bwana, acha, nimeshakagua mwenyewe," mwombe kwa adabu akuruhusu uangalie tena. Na mtu akiendelea kukufanyia mzaha wakati unamkagua, nyamaza, umalize, ndipo umjibu mkishafika chini.

Baada ya mlango hakuna muda wa kushauriana. Mtu anayeanguka kwa tumbo hufika mwendo wa karibu kilomita 190 kwa saa, na kila sekunde tano na nusu hupoteza futi 1,000. Chama cha warukaji cha Marekani, ambacho kanuni zake hufuatwa hata nje ya nchi hiyo, kinamtaka mwenye leseni ya kwanza, inayohitaji miruko isiyopungua 25, awe amefungua mwavuli asipite chini ya futi 3,000, na kama una hitilafu awe ameamua kuuachilia ili afungue wa akiba anapofika futi 2,500. Yaani muda wa kuamua ni mfupi kuliko muda wa kumaliza kusoma aya hii, na ndiyo sababu uamuzi wenyewe hufanywa chini, kwa kurudia vitendo vya mikono mpaka viwe kama kufunga vifungo vya shati.

Sasa niwaeleze yaliyompata rafiki yangu mmoja wa Shela, ambaye ameniruhusu niyaandike. Alianza kuruka baada yangu, akiwa na mwavuli wa futi za mraba 230, mkubwa, mpole, unaosamehe makosa. Tulimtania. Mimi ndiye niliyeuita turubai la lori, jina likashika, na kila alipotua watu walimpigia kelele wakimwuliza amebeba mifuko mingapi ya saruji. Alicheka pamoja nasi. Alipofikisha miruko 60 alinunua kwa mgeni mmoja mwavuli uliotumika wa futi za mraba 150, ambao kwa uzito wake ulikuwa wa kasi kupita kiasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia hapana, kwa kuwa sote tulifurahi kumwona amekuwa mmoja wetu. Jumapili ya pili, mbele ya watu waliokuwa wakitazama kutoka ufukweni, aliona anaelekea kwenye minazi, akavuta kamba moja ya usukani mpaka kiunoni akiwa chini ya mita thelathini. Mwavuli mdogo ukivutwa hivyo hugeuka huku ukizama kama mwewe aliyeona kifaranga. Nilisikia mlio wa paja lake kabla sijasikia sauti yake. Mwavuli ulikuwa mzima, haukuwa na hitilafu yoyote. Niliukagua mwenyewe baadaye, uzi baada ya uzi, nikitamani nipate kasoro.

Hali yake si ya pekee. Kwa miaka mingi sasa, sehemu kubwa ya wanaokufa katika mchezo huu huumia chini ya mwavuli uliofunguka vizuri, kwa kugeuka wakiwa karibu na ardhi. Vifaa vimekuwa bora sana. Pete tatu alizobuni Bill Booth katika miaka ya 1970 humwezesha mtu kuuachilia mwavuli mbovu kwa mvuto mmoja, na tangu 1991 kuna kifaa cha Kijerumani kiitwacho CYPRES ambacho hufungua chenyewe mwavuli wa akiba mtu anapofika karibu mita 225 bado akianguka kwa kasi. Marekani, ambako mwaka 1979 walikufa watu 55, mwaka 2023 walikufa 10 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Hata hivyo Booth mwenyewe ameonya kwamba kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama ndivyo warukaji wanavyozidi kujiongezea hatari, na mimi niliyaona hayo kwa macho yangu pale chini ya minazi.

Kwa hiyo ukiingia, chunga jina unalompa mtu, na chunga zaidi jina unalopewa. Watu wakicheka mwavuli wako mkubwa, cheka nao na uendelee kuruka nao. Kabla ya kuubadilisha, mwulize mwalimu wako faraghani, kisha mwulize mwalimu mwingine asiyekupenda sana.

Jambo gumu kuliko yote kujifunza ni kushuka na ndege, yaani kutoruka, ukarudi chini ukiwa umekaa ndani yake. Upepo wa hapa tunaujua tangu utotoni: kusi linapokaza, kati ya Aprili na Septemba, mara nyingi huvuka kilomita 22 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwanafunzi anayeruka peke yake kwa kanuni za Marekani. Kaskazi nalo huwa jepesi asubuhi, likaongezeka mchana jua likiipasha nchi kavu moto. Ukiwa juu usidanganywe na rangi ya maji. Tope la Mto Sabaki linaloshuka hadi ghuba yetu wakati wa kaskazi hukuonyesha mkondo wa bahari, na mkondo si upepo unaopita juu ya mitaa. Tazama moshi, makuti ya minazi na matanga ya mashua. Ukiona kimojawapo kinakwenda kinyume na ulivyoelezwa chini, una haki ya kubaki umekaa.

Nimefanya hivyo mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa sikulala, kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa, na mlango ulipofunguliwa nilijikuta sikumbuki kama nilikuwa nimewasha kifaa changu cha kufungua mwavuli wa akiba. Nilimwambia mwalimu, "Mwalimu, mimi leo sishuki hapa." Hakuniuliza sababu. Alinirudisha karibu na rubani, akanifunga mkanda, akaruka pamoja na wengine. Nilishuka na ndege nikiwa na aibu iliyonijaa mpaka kooni, nikijua vicheko vinavyonisubiri. Nilipotoka nje, yule mwanamke wa viatu alikuwa wa kwanza kunifikia, alinipa dafu, akasema tu, "Pole, kaka. Mama anaendeleaje?" Siku ile hakuna aliyenitania, wala siku zilizofuata, na tangu hapo nimelipima kila kundi kwa namna linavyompokea aliyeshuka na ndege. Kundi linalomcheka mtu huyo, liache, hata kama lina ndege nzuri na miavuli mipya.

Kuhusu kukunja nitasema machache, kwa kuwa hayo nitawaonyesha kwa mikono. Hapa pwani adui ni mchanga na chumvi: mchanga hula uzi kidogokidogo kama msasa, na mwavuli uliogusa bahari usipooshwa kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo kitambaa na pete zake huharibika. Ukiitwa na mtu unapokunja, usiitike mpaka umalize hatua uliyo nayo. Mwavuli wa akiba hauguswi na mkunjaji wa kawaida; una fundi wake mwenye cheti.

Rafiki yangu wa Shela anatembea, kwa kuchechemea kidogo. Harudi angani, kwa ombi la mkewe, lakini kila kaskazi huja akakaa nami chini ya mwarobaini, na yeye ndiye anayewafunga wageni mikanda kabla ya kupanda. Lile jina la turubai la lori halitajwi tena mbele yake. Tuliliacha bila kukubaliana.

Anayetaka kuanza msimu huu na aje baada ya sala ya alfajiri, amevaa viatu vinavyofunga mguu mzima, bila pete wala mkufu. Wiki ya kwanza atakunja tu. Kila siku jua likizama nitamwuliza swali moja: leo ungekataa kupanda ndege kwa sababu gani? Akiweza kunipa jibu la kweli siku saba mfululizo, nitampeleka kwa mwalimu.