Kristo amefufuka au amefufuliwa?

SWALI: Katika ratiba ya ibada ya Pasaka tuliandika "Kristo amefufuliwa". Mzee mmoja wa kanisa alitaka tusahihishe iwe "amefufuka", kwa hoja kwamba Kristo hakuhitaji wa kumfufua. Mwingine alikataa neno "kiyama" katika somo la siku hiyo, akidai ni la Waislamu. Nani ana haki?

JIBU: Yote matatu ni Kiswahili safi. Hoja mbili zilizotolewa ndizo zenye kasoro.

Fufua ni wa ukoo mmoja na inua, fungua na zindua. Ukibadili -ua kuwa -uka unapata inuka, funguka, zinduka, fufuka: kauli ya kutendeka, inayotaja jambo lililotokea bila kumtaja mtenda. Haisemi kwamba mtenda hakuwapo. Mlango umefunguka, huenda ni upepo, huenda ni mtu. Kwa hiyo "amefufuka" haithibitishi kwamba alijifufua. Anayetaka kusema hilo aseme "amejifufua".

Kipimo ni rahisi: ongeza "na Mungu". "Amefufuliwa na Mungu" inakaa sawa. "Amefufuka na Mungu" inaharibika, maana na hapo hugeuka kuwa "pamoja na", kana kwamba wote wawili walikuwa kaburini.

Ila -liwa ina mtego wake. Vitenzi hivi vina l iliyofichika inayojitokeza vinyambuliwapo, hivyo fufuliwa yaweza kuwa kauli ya kutendwa au ya kutendewa. "Kijana wa Naini alifufuliwa": kijana ndiye aliyekuwa maiti. "Mjane wa Naini alifufuliwa mwanawe": mjane hakufa, alitendewa hisani. Ukiangusha neno "mwanawe" katika sentensi hiyo, umemtia mama jenezani.

Tukirudi kwenye maandiko, Wakristo wa kwanza walisema kwa njia zote mbili. Warumi 10:9 inamtaja mtenda waziwazi: "Mungu alimfufua katika wafu." Katika 1 Wakorintho 15:4 Paulo anatumia kitenzi cha Kigiriki chenye umbo la kutendwa, egegertai, cha mzizi unaotumika pia kwa mtu kuamshwa usingizini. Biblia ya Union Version ya 1952 imeandika "alifufuka", na haikukosea, kwa sababu umbo hilo la Kigiriki lilitumika pia kwa mtu aliyeamka tu. Lakini 1 Wathesalonike 4:14 ina kitenzi kingine, cha kusimama, katika kauli ya kutenda. Ratiba yenu ilikuwa sahihi kabla ya kusahihishwa, na ingekuwa sahihi baada yake.

Sasa kiyama. Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kusimama. Anastasis ya Kigiriki nayo ni kusimama tena, kwa hiyo ni vigumu kupata tafsiri iliyo karibu zaidi. Biblia hiyohiyo ya 1952 inaitafsiri anastasis kwa maneno zaidi ya moja: Yohana 11:25 ina "ufufuo", 1 Wakorintho 15:12 ina "kiyama ya wafu". Matendo 23:8 inasema Masadukayo walishika kwamba "hakuna kiyama". Neno Masihi limetujia kwa njia hiyohiyo ya Kiarabu, wala sijasikia mtu akilifukuza kanisani.

Wayahudi wenyewe husema tehiyat ha-metim, kuhuishwa kwa wafu, na baraka ya pili ya sala yao ya Amida humtukuza Mungu anayehuisha wafu. Danieli 12:2 inawataja "wengi" walalao mavumbini kwamba wataamka. Ndicho alichomjibu Martha Yesu alipomlaki, kabla hawajafika kaburini kwa Lazaro: nduguye atafufuka siku ya mwisho, pamoja na wote. Tumaini lilikuwa la umati na la siku moja. Lazaro mwenyewe alirudi kwenye maisha yaleyale, ya kufa tena. Kwake "alifufuliwa" ni sahihi, "kiyama" hapana.

Masihi ni mpakwa mafuta, na Kristo ni tafsiri yake ya Kigiriki. Katika 1 Samweli 24 Daudi anamwita Sauli "masihi wa BWANA". Katika Isaya 45:1 ni Koreshi, mfalme wa Uajemi. Kanuni ya jumuiya, hati ya kale ya Kiyahudi iliyopatikana Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, inangoja masihi wa Haruni na wa Israeli. Andikeni kwa herufi ndogo linapokuwa cheo cha mtu kama hao, kwa herufi kubwa linapokuwa la yule mmoja.

Hapo ndipo habari ya Pasaka ilipomshtua Myahudi wa karne ya kwanza. Kufufuka alikujua; kilichokuwa kigeni ni Masihi aliyesulubiwa, kisha akafufuka peke yake huku makaburi mengine yamefungwa. Katika 1 Wakorintho 15:20 Paulo anajibu kwa neno la shambani: Kristo ni "limbuko lao waliolala". Limbuko ni mazao ya kwanza, na ni ya shamba lilelile ambalo bado halijavunwa. Nimeona ratiba zikilibadili kuwa "wa kwanza" ili vijana waelewe. Msifanye hivyo. Wa kwanza aweza kuwa peke yake, limbuko haliwezi. Na katika somo lenyewe acheni "kiyama" ya mstari wa 12, 13 na 21 ilivyo, kwa kuwa mavuno Paulo anayoyazungumzia ni hiyo.