Kiache Kigae Kilipo: Maswali Yenu Kuhusu Safari ya Gede

Tangu chama chetu cha historia na mambo ya kale kitangaze safari ya Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, simu yangu haijapoa. Nimechagua maswali yanayowahusu wengi. Ya nauli mpelekeeni mhazini, mimi sishiki pesa.

*Basi linaondoka saa ngapi? (Wasomaji tisa, kuanzia Likoni hadi Mtwapa)*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Iko kwenye tangazo, ikasomwa tena mwisho wa mhadhara. Safari iliyopita tulimngoja mtu mmoja dakika arobaini, tukafika jua limeshapanda, na wazee wawili tuliokuwa nao wakashinda kivulini wenzao wakizunguka. Sitangoja tena.

*Lazima nihudhurie mhadhara kwanza? Mimi nataka kwenda kutembea tu. (Msomaji, Tudor)*

Lazima, na kanuni hiyo niliipigania mwenyewe. Gede si mahali pa kutembea tu. Ukiingia bila kuandaliwa utaona kuta zilizovunjika na mibuyu, upige picha, urudi nyumbani. Nimemsikia mtu mzima akiwaambia wanawe kwamba watu wa kale walikuwa wafupi, ndiyo maana vyumba vyao vyembamba. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi kiasi cha mita 3 inalegea. Chumba kikaweza kurefuka utakavyo, lakini hakikuweza kupanuka. Aliyeketi kwenye mhadhara akasikia jambo hilo moja huingia Gede akitazama juu kutafuta matundu ya boriti ukutani, na akishayaona nyumba nzima inajengeka upya machoni pake.

Au simama kwenye kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu. Wachimbaji walikuta kwamba visima vya Gede viliongezwa kina. Maji yalikuwa yakikimbilia chini na watu wakiyafuata. Hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa, pamoja na vita na misukosuko ya karne ya 16 na kushuka kwa Waoromo kutoka kaskazini. Nani atakayekueleza hayo ukiwa umekuja kutembea tu?

Kisha majina ya nyumba. Gede kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Hayakuwa majina ya wenyewe. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, aliziita nyumba kwa vitu alivyovikuta ndani yake. Mkasi ulikuwa umelala pale pale ulipoachwa. Angetangulia mtu mmoja tu akautia mfukoni, nyumba ile leo isingekuwa na jina wala kisa. Hili nitalirudia mpaka mnichoke.

*Watoto je? (Mama wa watatu, Bamburi)*

Walete, dada yangu, wakiwa wa umri wa shule na kila wawili wana mtu mzima wao. Pana visima virefu. Chakula kikae ndani ya kikapu kilichofungwa, maana kima wa Gede wamezoeshwa vibaya na wageni wanaowapa ndizi. Usiwape.

*Shambani kwetu karibu na ufuo nimeokota sarafu ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu. Naisafishaje, na nani ananunua? (Msomaji, Kilifi)*

Ndugu yangu, usiisafishe. Usiisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Kutu ile ya kijani ndiyo inayoyashikilia maandishi, na ukiisugua yanatoka nayo. Ifunge kwenye karatasi kavu. Rudi ulipoiokota, laza jembe pale chini, upige picha mahali penyewe, kisha nyingine ya mbali inayoonyesha mti au nyumba. Baada ya hapo nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyo karibu nawe ukaripoti.

Kuhusu kuuza, jibu ni hapana. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 haikuachii uchimbe wala kuuza vitu vya kale utakavyo, na anayekuja na pesa taslimu jioni akikuhimiza ufanye haraka anaijua sheria hiyo kukushinda. Wamijikenda wanajua uchungu wake. Vigango, nguzo za mbao za kuchonga walizowasimamishia wazee wao waliofariki, viling'olewa na kuuzwa mpaka Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa familia moja baada ya miaka ya kuvitafuta, na vingi bado viko ughaibuni. Vingi kati yake havijulikani vilitoka boma la nani, kwa kuwa aliyeng'oa hakuandika.

Ujue pia sarafu inaweza kusema nini ikiwa mahali pake panajulikana. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Alizihifadhi kwenye kopo miaka mingi. Zilipochunguzwa, tano zilikuwa za Kilwa, mji wa kale wa pwani ya Tanzania. Sarafu za Kilwa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi! Wataalamu waliweza kurudi kwenye ufuo ule kwa sababu palikuwa na ramani iliyotiwa alama ya mahali zilipookotwa. Bila alama ile zingekuwa shaba tano ndani ya kopo. Yako nayo ni hivyo hivyo. Hapo ulipoiokota ndipo penye thamani.

*Je, si Waarabu waliojenga miji hii yote? Shuleni tulifundishwa hivyo. (Msomaji, Changamwe)*

Ulifundishwa vibaya, kama nilivyofundishwa mimi. Inaniuma kwamba swali hili bado linakuja kila mwezi.

Anza na Shanga, mji wa kale kisiwani Pate. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine mdogo kuliko ule, na chini yake mwingine tena, mpaka akafikia wa miti na udongo wa karne ya 8. Watu walewale walikuwa wakijenga juu ya kazi ya wazazi wao, kizazi baada ya kizazi, wakitoka kwenye fito wakifika kwenye jiwe. Mji haukushushwa tayari kutoka jahazini.

Kisha mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba akiwa miongoni mwa watafiti. Uliwaonyesha wanawake ambao asili yao kubwa ni Afrika, na wanaume wa asili ya Uajemi walioanza kuoana nao kiasi cha mwaka 1000. Kwa hiyo wazee wetu waliosema habari za Shirazi, yaani mababu waliotoka Uajemi, hawakuwa wakibuni. Ila wageni hao walioa hapa, wakakuta watu, kazi na lugha, na lugha iliyobaki midomoni mwa watoto ni ya Kibantu. Wanaotaka kuifuta damu ya Uajemi na wanaotaka kuifuta ya Afrika wote wanawakana mama au baba zao.

Na ardhini, asilimia kubwa mno ya vigae ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapa hapa. Vipande vya kaure ya Kichina ni haba, ndivyo vinavyong'aa, ndivyo vinavyookotwa na wageni. Kile cha chungu cheusi kwa masizi, kilichopikiwa wali wa familia, hukanyagwa. Kila mgeni akiondoka na cha Kichina na kukanyaga cha kwetu, tunazidi kuipoteza historia kwa pande zote mbili.

*Kwa nini mhadhara uliopita ulikuwa kwa Kiingereza? Babangu aliondoka katikati. (Msomaji, Mji wa Kale)*

Mpe babako pole zangu, na umwambie mwezi huu ni Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Nimelisema kwenye kikao na sitaliacha. Mtoa mada yule alizungumza nusu saa juu ya lipu ya kuta za kale. Wakati wa maswali akasimama mzee mmoja, fundi wa chokaa, akasema kwa Kiswahili jinsi wanavyopanga magogo duara, matumbawe juu yake, moto unaolala na kuamka, kisha chokaa inamwagiwa maji na kufunikwa, iachwe ipoe miezi kabla ya kutiwa mkononi. Akanyoosha kiganja tuone kilivyobabuka. Ukumbi ulinyamaza. Kwa muda aliosimama yeye tulijifunza zaidi ya ile nusu saa, na angekuwa ameondoka mapema kama babako tungerudi nyumbani bila neno hilo. Msomi asiyeweza kuisema kazi yake kwa lugha ya mafundi wa ukuta anaouchunguza, naomba ajifunze kwanza. Tutamngoja.

*Tuvae nini? (Wawili, Nyali)*

Viatu vilivyofunga na nguo za kujisitiri. Msikiti uliobomoka ni msikiti, na kaburi la miaka 600 ni kaburi. Pale Jumba la Mtwana, magofu mengine karibu na Mtwapa, kuna kaburi lililoandikwa aya isemayo kila nafsi itaonja mauti. Usikae juu yake kula sambusa, kama nilivyowahi kuona.

*Naweza kurusha droni? (Kijana, Kisauni)*

Bila kibali, la. Wala usipande juu ya ukuta kupiga picha. Jiwe moja likilegea, mvua ya masika inamalizia.

*Mtatupeleka lini kaya? (Msomaji, Mariakani)*

Siku wazee wa kaya watakapotukaribisha, na kwa idadi watakayoitaka wao. Kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ni mahali pa ibada kabla ya kuwa historia. Sitaongoza msafara usiokuwa na ruhusa yao, hata mkiniandikia mara kumi.

*Mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi, niliokota Gede kigae cha buluu na nyeupe, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Nimekiweka miaka yote hii. Sasa najisikia vibaya. Nikirudishe? (Msomaji, hakutaka kutajwa)*

Kirudishe, na Mungu akubariki kwa kuuliza. Gede iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwezi Julai 2024, lakini orodha haiuzuii mkono kuingia mfukoni. Wewe unautoa, na wachache wamefanya hivyo. Usikitupe tu chini ukifika, maana utakuwa umempa mchimbaji wa kesho habari ya uongo. Kilete siku ya safari tukakikabidhi kwa wahifadhi pamoja.

Ila kabla ya siku hiyo keti peke yako ukumbuke. Ulikuwa karibu na msikiti au jumba la mfalme? Kisima kilikuwa kushoto kwako au kulia? Kilikuwa juu ya njia au kwenye udongo uliochimbuliwa na mvua chini ya ukuta? Andika yote unayoyakumbuka kwenye kikaratasi, hata ukiyaona madogo, na usijazie usilokuwa na hakika nalo. Tia na mwaka. Kifunge pamoja na kigae, na uandike kwa penseli. Wino hauvumilii unyevu wa huku kwetu.