Jibu: Maelezo ya HTML 4.01 nayapata wapi?

Habari ndugu. Umesema umerithi tovuti ya SACCO huko Mbale, imejaa tagi (alama za kuandikia ukurasa wa wavuti) za font na center, za HTML ya zamani, na kila ukitafuta maelezo yake unaletewa toleo jipya, HTML5, tu.

Kabla ya kutafuta chochote, fungua faili utazame mstari wa juu kabisa, ule wa DOCTYPE, unaotaja ukurasa umeandikwa kwa toleo lipi. Mimi nilipoteza siku mbili pale Wandegeya nikihangaika na HTML 4.01, kumbe kurasa za mteja zilikuwa XHTML 1.0, ndugu yake HTML mwenye masharti makali, ambayo inadai tagi ziwe herufi ndogo na kila moja ifungwe, hata br.

Ukikuta 4.01, nenda w3.org/TR/html401. Huo ndio waraka wenyewe wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wa tarehe 24 Desemba 1999. Mwaka 2018 waliutangaza kuwa umepitwa, lakini bado upo palepale. Usiusome toka mwanzo, utasinzia! Ruka hadi faharasa ya elementi (yaani tagi): jedwali refu, tagi moja kila mstari. Safu ya "Depr." ikiwa na D, ujue tagi hiyo ilishashauriwa iachwe tangu enzi hizo. Font na center zote zina D.

Ninayoitumia zaidi ni faharasa ya pili, ya atributi, yaani sifa zinazoandikwa ndani ya tagi. Ukikutana na bgcolor au cellpadding, inakuonyesha zinakaa ndani ya tagi zipi.

Bando likikusumbua, ukurasa wa kwanza una faili la zip lenye waraka mzima. Lipakue mara moja, usome hata mtandao ukikatika.

Mambo ya fremu (kugawa dirisha moja lionyeshe kurasa kadhaa) sijawahi kuyagusa kazini, hapo waliozitumia wakusaidie.