Meneja wa mgahawa aandaliwe kabla ya msimu wa korosho

Mwenye mgahawa yeyote hapa Mtwara mjini anajua Oktoba inavyoingia. Minada ya korosho inaanza, malori yanapanga foleni kuelekea bandarini, wanunuzi, madereva na makarani wa maghala wanajaa mjini, na meza zilizolala wazi tangu Machi zinagombaniwa. Hapo ndipo wengi wetu hukumbuka kwamba hawana meneja. Wanamchukua mhudumu hodari kuliko wenzake, wanamkabidhi funguo za stoo na kumwambia, "Kuanzia leo wewe ndiye msimamizi." Kufika Desemba kijana kachoka, jikoni watu wamegawanyika, na mwenye mali karudi kukaa kaunta mwenyewe.

Kazi hii nimeianza kwa kubeba sinia, nikasimamia, na sasa nawafundisha wanaosimamia. Ninachokiamini ni hiki: meneja huandaliwa miezi ambayo biashara imelala, Machi hadi Agosti. Msimu ukishafika hakuna wa kumfundisha mwenzake.

Mimi naanza na sokoni. Mtu ninayemwandaa naongozana naye asubuhi na mapema soko la samaki la Feri, aone bei inavyopanda na kushuka kabla jua halijachomoza vizuri. Pweza, kwa mfano, hupatikana kwa wingi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu maji yanakupwa mbali na miamba inabaki wazi. Yakija maji mafu, yasiyokupwa mbali, wanaotembea na mkuki wanarudi na kidogo. Na kusi ikivuma kwa nguvu, mitumbwi midogo haitoki. Mhudumu anaweza kuishi bila kuyajua haya, kazi yake ni kumwambia mteja pweza hakuna. Meneja lazima ajue wiki nzima kabla, vinginevyo ataandika pweza wa nazi ubaoni siku ambayo sokoni wako wawili tu na bei imeruka. Kwa hiyo namwachia apange ubao wa wiki nzima peke yake, anunue mwenyewe, kisha Jumapili tunakaa na daftari la manunuzi: kipi kilibaki, kipi kiliisha saa saba mchana, na kwa nini.

Baada ya sokoni inakuja pesa, na hapa ndipo wenye migahawa wengi wanapowaua mameneja wao. Fikiria samaki changu kaletwa mezani, upande mmoja umeungua. Mteja analalamika, mhudumu anamkimbilia meneja, meneja anachukua simu ampigie bosi. Bosi yuko msibani Masasi, simu haipatikani. Mteja anakaa na sahani yake dakika ishirini, anaondoka, na hatarudi. Meneja huyo simlaumu hata kidogo. Amefundishwa kwamba kila shilingi ina ruhusa ya mtu mwingine. Mpe kima cha pesa. Mwambie, "Kwa siku una 20,000 ya kubadilisha chakula au kufuta soda kwenye bili bila kuniuliza, ila uandike daftarini jina la chakula na sababu." Mwisho wa wiki soma zile sababu. Utamjua meneja wako kwa hizo sababu kuliko kwa miaka ya kumtazama akitembea katikati ya meza.

Lakini pesa pia ina mipaka ambayo meneja mpya hafundishwi na mtu. Sahani ikivunjika anakata mshahara wa kijana wa kuosha vyombo. Mteja akikimbia na bili, anamkata mhudumu. Imekuwa desturi, na mimi naipinga kwa nguvu zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza wazi: ukitaka kumkata mfanyakazi kwa hasara, iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, umpe maelezo ya deni kwa maandishi, apate nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, deni lisizidi hasara yenyewe, na makato yote kwa jumla yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Meneja akiijua sheria hii ataacha kutafuta wa kumkata na ataanza kuuliza kwa nini glasi zinavunjika. Mara nyingi ni beseni dogo, sakafu ina maji, au mtu mmoja anaosha vyombo vya watu themanini.

Sheria hiyohiyo imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na kazi ya usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ratiba ya shifti ianzie hapo. Ukiniuliza mimi, nitakwambia msimu wa korosho ndio wakati watu wanadhulumiwa saa zao kuliko wakati mwingine wowote, na ndio wakati wapishi wazuri wanahama.

Sasa nije kwenye jambo linalonishughulisha kuliko yote. Meneja wengi wa hapa ni vijana, na jikoni kuna mama mtu mzima anayepika wali wa nazi tangu kijana huyo hajazaliwa. Kijana akiingia na cheo chake anafanya moja kati ya mawili: anamwogopa mama, jiko linajiendesha lenyewe, au anamfokea mbele ya watoto wa jikoni ili aonekane bosi. Akimfokea, kazi imekwisha. Mama hatamjibu. Ataendelea kupika, ila chumvi itakuwa ile ya siku hiyo, na hakuna atakayemwambia meneja kwamba gesi inakaribia kuisha.

Ninachowafundisha ni hivi. Unaingia jikoni kabla ya kazi kuanza, unampa shikamoo yake, unamuuliza ameamkaje. Kama jana nazi ilikatika kwenye mchuzi, usiseme hapo. Mwite stoo, au msubiri anapokaa kunywa chai, ukae naye chini: "Mama, jana mchuzi wa meza ya wageni wa bandarini ulirudi. Naomba unisaidie tufanyeje leo." Hujaficha kosa, umelitaja kwa jina na kwa meza. Lakini umelipeleka kwake kama mtu anayejua kazi. Kijana mmoja niliyemlea aliambiwa na mama wa jikoni, "Tui zito unalitia mwisho, mwanangu, na moto uwe mdogo, wewe ndiyo unatuharakisha." Mama alikuwa sahihi, oda zilikuwa zinatolewa zote kwa pamoja. Kijana akabadilisha mpangilio wa kupeleka oda. Hapo mama alimkubali kuwa meneja, na kijana alipata jibu ambalo asingelipata kwa kufoka.

Heshima hiyo isigeuke kuwa udhaifu, lakini. Mama akichelewa mara kwa mara, meneja aseme, tena aandike. Umri unabadilisha namna ya kusema, haufuti jambo lenyewe.

Likizo nazo zipangwe mapema. Mfanyakazi ana siku 28 kwa mwaka, na huku kwetu kuna unyago, kuna jando, kuna misiba ya Newala na Tandahimba. Meneja mzuri anakaa na watu wake mwanzoni mwa mwaka, kila mtu anasema shughuli za kwao zinaangukia lini, likizo nyingi zinawekwa miezi ya biashara ndogo. Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, ni nafasi nzuri ya kumpa mwanafunzi shifti ya futari aiendeshe peke yake: watu wanakuja wakati mmoja, wana njaa, na saa haimsubiri mtu.

Kwa mwenye mali nina ombi moja. Mhudumu akikujia na shida wakati meneja yupo, mrudishe kwa meneja, hata kama jibu unalo mdomoni. Ukijibu wewe mara mbili tu, watu wote watajua pa kupita.

Agosti mimi huondoka wiki nzima, niende Lindi au kokote, nimwachie mgahawa mtu ninayemwandaa. Nikirudi sianzi kuhesabu mauzo. Naangalia daftari la kima chake, naangalia stoo kama vitu vilivyoandikwa ndivyo vilivyopo, kisha nawasikiliza wafanyakazi. Wakinijia na malalamiko ambayo hawajampelekea yeye, najua bado, na ninazo wiki chache za kurekebisha hilo kabla mnada wa kwanza haujatangazwa. Wakiwa na malalamiko ambayo tayari wameshabishana naye, naandika mkataba mpya wenye cheo chake na mshahara wa cheo hicho.