Akiba ipo, lakini kutumia roho inauma

Ndugu yangu, umesema akiba yako ya dharura imefika matumizi ya miezi sita, ila hata kilo ya zabibu pale soko la Majengo unaiona hasara. Hela zako zote ziko kapu moja, ndiyo maana kila shilingi unayotoa unahisi umeidokoa akiba. Mshahara ukiingia, weka akiba kwanza, kisha asilimia 5 ihamishie laini nyingine ya simu, iwe hela ya kutumia tu; kwa mshahara wa 800,000 ni 40,000. Sharti lake: iishe kabla ya tarehe 30, hairudi benki. Wengi hukwama hapo, wanarudisha "kidogo tu", na hofu inabaki palepale. Anza na kitu cha kila siku, kama viatu vizuri vya kazini. Nguo ya kuvaa kwenye sherehe moja tu isubiri.