Je, Kujinyima Plastiki ni Mfungo wa Kwaresima?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo yetu hapa Kihonda, Morogoro, imependekezwa kwamba Kwaresima hii tujinyime vitu vya plastiki kwa ajili ya kutunza bahari. Wengi wetu bahari tunaisikia tu. Je, huo ni mfungo kweli, au ni njia ya kukwepa mfungo wa chakula? Na kutupa chupa mtaroni ni dhambi ya kuungama?
Mama M., Morogoro

JIBU: Milele amina, Mama. Bahari haiko mbali nanyi kama mnavyodhani. Mto Morogoro, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru na kukatiza mjini kwenu, unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kwaresima aghalabu huangukia wakati masika yanakaribia au yameanza, na mvua hizo ndizo zinazosomba kila kilicholala mitaroni tangu kiangazi. Plastiki ikifika huko haiozi. Jua na mawimbi huimegamega mpaka iwe chembe ambazo samaki huzimeza, na mfuko unaoelea humhadaa kasa, akaumeza akidhani ni konyeza, kiumbe laini wa baharini.

Kuhusu mfungo, nisieleweke vibaya. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu zinabaki siku za kufunga, na Ijumaa za Kwaresima tunajinyima nyama. Plastiki haichukui nafasi ya hayo, na anayeacha mifuko huku akila kama siku zote hajafunga. Lakini nabii Isaya, katika sura ya 58, anawakemea watu waliofunga chakula huku wakiwaonea wenzao, na hapo ndipo pendekezo la jumuiya yenu linapopata uzito. Mvuvi anayepandisha wavu uliojaa mifuko badala ya samaki ni jirani yetu, hata kama hatujui jina lake, na mzigo huo tumemtwisha sisi wa juu ya mto. Isitoshe, ukisoma Mwanzo sura ya kwanza kwa utulivu utaona kwamba baraka ya kwanza kabisa katika Biblia, ile ya aya ya 22, wamepewa viumbe wa majini na ndege, siku moja kabla mwanadamu hajaumbwa. Ni vigumu kueleza kwa nini tule samaki Ijumaa kwa heshima ya Mateso ya Bwana, kisha tuyachafue maji ambayo Mungu aliamuru wayajaze.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja kupunguza matumizi ya plastiki miongoni mwa matendo madogo ya kila siku yanayoonyesha upendo kwa uumbaji. Tanzania yenyewe ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kubeba kikapu sokoni ni utii tu wa sheria. Kujinyima kuanzie kwenye kile kinachowagharimu. Nimehudhuria semina za Kwaresima ambako tulihubiriwa toba huku katoni za maji ya chupa zikipangwa mezani, ilhali ndoo ya maji yaliyochemshwa na vikombe vingetosha. Acheni chupa hizo, na fedha itakayobaki iingie katika sadaka ya maskini, maana mfungo usiozaa sadaka humnufaisha mfungaji peke yake.

Swali la mwisho: ndiyo, anayetupa taka mtaroni kwa makusudi, akijua zinamwendea mwingine, anatenda kosa la kuungama, ingawa sisemi kwamba kila chupa ni dhambi ya mauti. Na kwa kuwa Zakayo hakuishia kusikitika bali alirudisha alichodhulumu, nawashauri Jumamosi moja kabla mvua hazijakolea mzibue mtaro wa mtaa wenu, kisha mfuatilie taka zipelekwe dampo, kwa sababu zikiachwa ukingoni mvua ya kwanza itazirudisha humo humo.