Mikwaruzo kwenye mkanda wa saa

SWALI: Ndugu Mhariri, mkanda wa chuma wa saa yangu umejaa mikwaruzo kwa sababu ya kupakua magunia ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Je, naweza kuurekebisha nyumbani? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza, ikiwa ni chuma kisichoshika kutu chenye mistari myembamba usoni. Uutoe kwenye saa, uuoshe kwa maji ya sabuni, ufunike kwa selotepu sehemu zinazong'aa kama kioo, kisha usugue taratibu kwa msasa laini wa namba 600, ukifuata mistari ya awali kuelekea upande mmoja tu, kwani kuzungusha mkono ndiko kunakoharibu kazi. Mkwaruzo wenye kina, kwa maoni yangu, uuache, kwa kuwa kuufuta ni kupunguza chuma chenyewe. Mkanda uliopakwa dhahabu juu usiuguse kwa msasa, maana tabaka hilo jembamba litatoka.